Kufifiza Jeni Si Kushindwa Kuing'oa

Tangu Uingereza na Marekani ziidhinishe, mwishoni mwa mwaka 2023, tiba ya kwanza ya selimundu inayotumia mkasi wa jeni uitwao CRISPR, mazungumzo ya sayansi ya jeni hapa Mombasa yamekuwa ya mkasi peke yake. Si ajabu, kwa kuwa selimundu si ugonjwa wa vitabuni kwetu. Kuna nyumba chache za Pwani zisizomjua mtoto aliyelia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Lakini pamoja na furaha hiyo limeingia wazo jingine, nalo linarudiwa hata na watu wenye elimu: kwamba njia iliyotangulia, ile ya kufifiza jeni kwa vipande vya RNA, kemikali ya seli inayofanana na DNA, badala ya kuikata, imekwisha kazi yake, na kwamba panya wa maabara wanaotengenezwa kwa njia hiyo ni mabaki ya zama zilizopita. Mwezi uliopita nililiona wazo hilo limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu Majengo, anayesomea shahada ya uzamili, alikuwa amependekeza kufifiza jeni moja kwenye ini la panya ili aone kama kimelea cha malaria kitashindwa kukua humo. Andiko lake lilirudi likiwa na sentensi moja tu pembeni mwa ukurasa wa tatu: "Njia imepitwa na wakati, tumia CRISPR." Hakuulizwa kwa nini aliichagua jeni ile, wala idadi ya panya, wala namna atakavyopima.

Hukumu hiyo imekosea, na kosa lake si la kiufundi tu. Kung'oa jeni na kufifiza jeni ni njia za kujibu maswali mawili yasiyofanana. Anayeing'oa anauliza kiumbe kitakuwaje iwapo jeni hii haipo kabisa, na mara nyingi iwapo haikuwahi kuwepo tangu tumboni. Anayeififiza anauliza ni nini kitakachompata kiumbe aliyekwisha kukua, mwenye viungo vyake kamili, protini yake moja ikipunguzwa kwa muda. Nyanya yangu wa Kuze alikuwa na kandili yenye kigurudumu kidogo cha waya pembeni. Ukikizungusha kwa kidole gumba utambi unashuka, mwanga unafifia, na ukitaka unaupandisha tena. Kuipuliza kandili ikazima ni jambo jingine. Sasa dawa nyingi tunazomeza hufanya kazi ya kigurudumu kile: hupunguza utendaji wa protini fulani, kwa kiasi fulani, kwa saa au siku fulani, kisha huisha mwilini. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua dawa itamfanya nini mgonjwa atapata jibu la karibu zaidi kwa panya aliyefifizwa jeni kuliko kwa panya aliyezaliwa bila jeni hiyo.

Historia ya njia hii yafaa kuelezwa, kwa sababu wengi wanaoikataa hawajui ilikotoka. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliotaka kuongeza rangi ya zambarau kwenye maua ya petunia waliingiza nakala za ziada za jeni ya rangi, na badala ya kukoza, baadhi ya maua yalitoka meupe. Kitendawili hicho kilibaki bila jibu la kuridhisha mpaka mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello walipoonyesha kwenye mnyoo mdogo aitwaye Caenorhabditis elegans kwamba RNA yenye nyuzi mbili ndiyo inayoamrisha ukimya, na kwamba chembe chache tu kwa kila seli zinatosha. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho Dicer huikata RNA hiyo vipande vya nyukleotidi (herufi za kemikali zinazounda RNA) 21 hivi, uzi mmoja wa kipande hubebwa na protini ya Argonaute, na uzi huo hutumika kama anwani: kila RNA mjumbe, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, yenye mfuatano unaolingana nao hukamatwa na kukatwa kabla ya kusomwa kuwa protini. DNA yenyewe haiguswi. Kwa mamalia ilionekana kwanza kwamba njia haitawezekana, kwa kuwa RNA ndefu ya nyuzi mbili huchukuliwa na seli zetu kama dalili ya uvamizi wa virusi, nazo huzima shughuli zote kwa hofu. Kikwazo hicho kilivukwa mwaka 2001, kundi la Thomas Tuschl nchini Ujerumani lilipotumia vipande ambavyo tayari ni vifupi, vikapita bila kuamsha kengele.

Mwaka uliofuata njia ilifika kwa panya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliingiza kwenye ini la panya wakubwa jeni ya kimulimuli inayotoa mwanga, pamoja na RNA fupi iliyoilenga jeni hiyo, kisha wakampima panya akiwa hai chini ya kamera. Mwanga uliotoka tumboni ulififia. Baada ya hapo maabara mbalimbali zilianza kuweka maelekezo ya RNA hiyo ndani ya DNA ya panya, yakiwa yameandikwa kama uzi unaojikunja mfano wa kipini cha nywele, ili seli izalishe RNA yake yenyewe na sifa irithiwe na vizazi. Wengine walitumia virusi vya jamii ya lentivirusi kubeba kipini hadi kwenye kiinitete, wengine walikipachika mahali maalumu kwenye seli shina. Hatua iliyobadilisha kila kitu, kwa maoni yangu, ni ile ya kukifunga kipini kwa swichi inayowashwa na doksisaiklini, kiuavijasumu kile kile kinachouzwa kwenye famasi zetu. Panya anakua kawaida. Siku mtafiti anapotia doksisaiklini kwenye maji au chakula, jeni inafifia. Anapoiondoa, jeni inarudi.

Watetezi wa kung'oa wana hoja nzito, nami sitaki kuipunguza. Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies, waliopewa Nobel mwaka 2007, waliwezesha kuifuta jeni moja iliyochaguliwa kati ya maelfu, na panya wa kwanza wa namna hiyo walipozaliwa mwaka 1989 biolojia ya mamalia ilipata kipimo ambacho haikuwahi kuwa nacho. Jeni iliyofutwa imefutwa; hakuna protini iliyobaki ya kukuficha ukweli. CRISPR imeifanya kazi iliyochukua miaka kuwa ya miezi. Anayetaka kujua kama protini fulani ni ya lazima kwa kazi fulani, na afute. Hata mimi ningemwambia kijana afute kama hilo lingekuwa swali lake.

Lakini kufuta kuna gharama ambayo haisemwi. Matokeo ya mradi wa kimataifa wa kuchunguza jeni za panya, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba kwa takriban theluthi moja ya jeni zilizofutwa, panya waliokosa nakala zote mbili walikufa kabla ya kuachishwa ziwa au walizaliwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Jeni ambayo panya hawezi kuzaliwa bila hiyo haiwezi kukuambia, kwa njia hiyo, inafanya nini utu uzimani. Mtu atasema kuna mbinu ya kufuta jeni kwenye kiungo kimoja, au baada ya panya kukua. Ni kweli, na ni mbinu nzuri. Ila kilichofutwa hakirudi, na kurudi ndiko daktari anakohitaji kukujua. Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni wa jeni ya Brd4. Viinitete visivyokuwa nayo hufa mapema sana, siku chache tu baada ya kujipachika kwenye mji wa mimba. Wakati huo huo kampuni za dawa zilikuwa zikitengeneza vidonge vya kuzuia protini zake kwa ajili ya saratani. Mwaka 2014 watafiti walitumia panya wa swichi ya doksisaiklini na kuififiza Brd4 mwili mzima: manyoya yalinyonyoka, ngozi ikanenepa, na seli shina za utumbo zikapungua. Walipoiondoa doksisaiklini, panya wakarejea hali yao. Taarifa hiyo, kwamba madhara yapo, yako wapi, na kwamba yanaondoka dawa ikisitishwa, isingepatikana kwenye kiinitete kilichokufa.

Kuna jambo jingine lililowashtua wengi. Mwaka 2015 watafiti wa samaki wadogo wenye milia wanaofugwa maabara waliona kwamba samaki waliofutwa jeni iitwayo egfl7 walikuwa karibu wazima, ilhali waliofifizwa jeni hiyo hiyo, kwa mbinu tofauti na hii ya RNA, mishipa yao ya damu iliharibika. Wengi walidhani kufifiza ndiko kulikokosea. Uchunguzi ulionyesha kinyume: kiumbe kilichokatiwa jeni kilikuwa kimepandisha jeni nyingine za kuziba pengo, na mwaka 2019 ikaelezwa kwamba mabaki ya RNA mjumbe iliyoharibika ndiyo yanayoamsha fidia hiyo, hata kwenye seli za panya. Haina maana kwamba kila panya aliyefutwa jeni anadanganya. Ina maana kwamba panya mzima baada ya kufutwa si ushahidi tosha kwamba jeni haina kazi, na mwenye njia moja tu mkononi hatajua amepotoshwa.

Hoja kwamba jeni ni suala la kiasi isingepaswa kuwa ngeni Pwani kuliko mahali pengine popote. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipopima damu za watu nchini mwishoni mwa miaka ya 1940 aliona kwamba wabebaji wa jeni ya selimundu ni wengi kandokando ya bahari na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba ubebaji huo huwakinga watu na malaria. Mwenye nakala moja, ambaye takriban asilimia 40 ya himoglobini yake ni ya selimundu, anaishi kama mwenzake na malaria kali humkwepa. Mwenye nakala mbili anaugua. Jeni ni ile ile, tofauti ni kipimo. Tiba tuliyo nayo leo inafuata mantiki hiyo hiyo: haidroksiyurea, ambayo utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukiwahusisha watoto wa Kilifi ulionyesha kuwa inafaa na ni salama katika mazingira yetu, hufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa kuongeza himoglobini ya kitoto, ile tunayozaliwa nayo. Himoglobini hiyo haihitaji kujaa damu yote ili mtoto apate nafuu. Kila sehemu inayoongezeka ina thamani yake.

Na hapo ndipo habari ya mkasi yenyewe inapogeuka. Jeni inayozima himoglobini ya kitoto baada ya kuzaliwa inaitwa BCL11A. Panya waliofutiwa jeni hiyo mwili mzima hufa karibu na kuzaliwa. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba kuifuta kwenye ukoo wa chembe nyekundu pekee kunaponya selimundu kwa panya. Kundi la watafiti wa Boston, Marekani, lililotaka kupeleka wazo hilo kwa binadamu lilijaribu kwanza kuififiza kwa kipini katika seli shina zote za damu, na seli hizo zikadhoofika. Basi wakakiandika kipini upya kwa umbo la maikro-RNA, yaani RNA fupi ambazo seli hujitengenezea yenyewe, kikafanya kazi kwenye chembe nyekundu tu, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba panya wao wenye selimundu wamepata nafuu bila seli shina kuumia. Mwaka 2021 wagonjwa sita waliotibiwa kwa kipini hicho waliripotiwa, na himoglobini ya kitoto ilipanda kwao. Je, tiba ya mkasi iliyoidhinishwa mwaka 2023 inaifuta BCL11A? Haiifuti. Inakata kipande cha DNA kinachoipa jeni hiyo nguvu ndani ya ukoo wa chembe nyekundu, ili jeni ififie humo na iendelee kwingineko. Mkasi ulifaulu kwa kufuata kanuni ya kigurudumu cha kandili. Wanaotaja tiba hii kama uthibitisho kwamba kufifiza kumepitwa na wakati hawajasoma inavyofanya kazi.

Nisiwe mtu wa kusifia upande mmoja. Kufifiza kwa RNA kuna makosa yake, na baadhi yamegharimu miaka ya kazi. Kipande cha nyukleotidi 21 kinaweza kulingana kwa sehemu, hasa nyukleotidi zake za mwanzo, na RNA mjumbe ambazo hazikukusudiwa, nazo zikafifia kimyakimya. Ndiyo sababu protini iitwayo MELK ilisadikiwa kwa muda kuwa uti wa mgongo wa saratani kadhaa, hata dawa za kuizuia zikafika kwa wagonjwa, kisha mwaka 2017 ikaonyeshwa kwa CRISPR kwamba seli za saratani hukua vizuri bila hiyo. Mwaka 2006 Stanford ile ile ilitoa onyo kali zaidi: kati ya vipini 49 vilivyopelekwa kwenye ini la panya kwa nguvu kubwa, 36 viliumiza ini na 23 viliishia kuua, kwa sababu vilijaza njia ambayo seli huitumia kusafirisha maikro-RNA zake zenyewe. Siyasomi matokeo hayo kama sababu ya kuiacha njia. Yalizaa kanuni ambazo leo hakuna mtafiti makini anayezikwepa: vipini visivyopungua viwili au vitatu vyenye mifuatano tofauti kwa jeni moja, kipini cha kulinganishia kisicholenga kitu, kiasi kidogo kadiri inavyowezekana, umbo la maikro-RNA badala ya kipini kitupu, na jeni ya kuokoa, yaani nakala ya jeni ile ile iliyoandikwa kwa namna ambayo kipini hakiitambui, ili ionekane kama madhara yanaondoka. Na inapowezekana, mkasi utumike kuthibitisha. Njia hizi mbili zinakaguana.

Upinzani wenye nguvu kweli unatoka ndani ya CRISPR yenyewe, kwa kuwa tangu mwaka 2013 kuna mkasi uliofanywa butu ambao haukati bali unakaa juu ya jeni na kuizuia kuandikwa. Huo pia hufifiza, na mara nyingi kwa usahihi mzuri. Ila protini yake ni kubwa na imetoka kwa bakteria, hivyo kuifikisha kwenye kiungo cha panya mzima ni kazi, na huweza kugusa jeni jirani zinazoshiriki mwanzo mmoja. Naukubali kuwa mshindani wa haki. Ninayoikataa ni hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo niliyoisikia mara nyingi: kwamba kufifiza ni kung'oa kulikoshindikana, kazi nusu. Mwaka 2003 watafiti waliififiza p53, jeni inayozuia saratani, kwa vipini vya nguvu tofauti katika seli shina za damu za panya walioelekea kupata limfoma, saratani ya chembe za kinga, na ukali wa ugonjwa ukafuata ukali wa ufifizaji, kuanzia uvimbe wa kawaida hadi saratani iliyosambaa. Aliyekuwa na mkasi peke yake angeona mwisho wa ngazi. Hao waliziona daraja zake.

Kwa maabara za hapa kwetu jambo hili lina uzito wa kifedha na wa kisheria. Dawa zinazofifiza jeni kwa RNA zipo sokoni: patisiran iliidhinishwa mwaka 2018, na inclisiran, ambayo hufifiza jeni ya PCSK9 kwenye ini ili kushusha kolestroli, hudungwa mara mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo. Tiba ya mkasi ya selimundu ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na humlazimu mgonjwa kuunguziwa uboho kwa dawa kali kwanza. Sijui mzazi wa Likoni au Kisauni atakayeingia humo. Sindano ya RNA nayo si rahisi kwa bei ya leo, lakini ni sindano, na wanasayansi wetu wangeweza kushiriki kuamua ilenge jeni ipi. Tena kuna faida ambayo mwandishi wa ile sentensi nyekundu hakuifikiria: RNA fupi inayodungwa na kufika kwenye ini la panya wa kawaida haibadilishi DNA yake, wala haizai ukoo mpya wa wanyama waliobadilishwa vinasaba wa kutunzwa chini ya masharti ya Sheria ya Usalama wa Kibayoteknolojia ya mwaka 2009. Panya yule yule anaweza kupimwa kabla, wakati na baada, jambo linalopunguza idadi ya wanyama wanaotumika.

Na swali la kijana wetu linaiafiki njia hii kuliko nyingine. Kimelea cha malaria ya binadamu hakina mitambo ya kupokea amri hizi za RNA, kwa hiyo hakififizwi chenyewe. Wanaotarajia hivyo wamechanganya na kimelea cha malale, ambacho kinayo, kama ilivyoonyeshwa mwaka 1998. Lakini kimelea hupita kwenye ini la mwenyeji kabla ya kuingia kwenye damu, na ini ndicho kiungo ambacho RNA hufika kwa urahisi kuliko vyote. Mwaka 2008 watafiti walitumia RNA fupi kuonyesha kwamba kipokezi kiitwacho SR-BI cha seli za ini kinakisaidia kimelea kuingia na kukua, na swali la jeni nyingine za mwenyeji bado liko wazi. Panya aliyezaliwa bila jeni ya ini ana ini lililojifunza kuishi bila hiyo. Kijana anataka kuliona ini lililokuwa nayo mpaka juzi.

Wiki hii amelirudisha andiko. Lina vipande vitatu vya RNA vyenye mifuatano tofauti badala ya kimoja, kundi la panya waliodungwa RNA isiyolenga kitu, panya wachache waliofutwa jeni kwa CRISPR kwa ajili ya kulinganisha, na kurasa mbili zinazoeleza atakavyopima protini iliyobaki kwenye ini siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne.